Nyumba ya Kwanza Bomani

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Nyeri mbele ya wenye nyumba za zamani, familia zao na mafundi wa ujenzi



Mgeni akishuka Nyeri na kuuliza nyumba za kihistoria ziko wapi, huonyeshwa njia ile ile. Ataelekezwa hoteli ya Outspan akaone nyumba ndogo iitwayo Paxtu. Kutoka hapo ataenda makaburini, St. Peter's, na kumalizia Ruring'u, ambako mahakama ya wenyeji iliyojengwa mwaka 1924 sasa ni makavazi. Kufikia saa saba mchana atakuwa amemaliza, anatafuta chakula.

Njiani atakuwa amepita nyumba nyingi ambazo hakuna aliyemwonyesha. Ni nyumba za mbao zenye mabati yaliyoshika kutu, zimesimama nyuma ya nyumba mpya za mawe. Siku hizi huwekwa mahindi, nyasi za ng'ombe na baiskeli isiyo na magurudumu. Mazungumzo haya yanahusu nyumba hizo na familia zinazozimiliki. Lakini ni vizuri yaanzie Paxtu, kwa sababu Paxtu inaonyesha wazi jinsi mwenye mali binafsi anavyoweza kuhifadhi nyumba, na kwa nini.

Outspan ilifunguliwa mwaka 1928 na Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti. Baden-Powell alipozeeka alikuja kumalizia siku zake Nyeri, na mwaka 1938 akajengewa nyumba ndogo ndani ya uwanja wa hoteli hiyo. Nyumba yake ya Uingereza iliitwa Pax Hill. Hii ya pili ikaitwa Paxtu, jina la mzaha lenye hesabu ya Kiingereza ndani yake, ingawa Mswahili akilisikia husikia "tu" yake mwenyewe. Baden-Powell alifariki humo tarehe 8 Januari 1941. Baadaye akaingia Jim Corbett, mwindaji na mwandishi aliyehama India mwaka 1947 pamoja na dada yake Maggie. Naye alikaa humo hadi alipofariki tarehe 19 Aprili 1955. Wanaume hao wawili wamezikwa katika makaburi yale yale ya St. Peter's.

Serikali haikununua Paxtu. Nyumba ilibaki mali ya hoteli, hoteli ikabadilisha wenyewe, na kila aliyeingia aliona ana sababu ya kuiacha isimame. Sababu yenyewe inahesabika: maskauti husafiri kutoka pembe zote za dunia kuja kuiona, na anayekuja kuiona hunywa chai, hula, hulala. Nyumba ina kazi. Kazi hiyo ndiyo inayolipia rangi ya dirisha na bati jipya.

Corbett huyo huyo anatoa funzo jingine, maana aliacha nyumba tatu. Nyumba yake ya Kaladhungi, kule India, ilikuja kununuliwa na serikali ikafanywa makavazi. Ile ya mlimani, mjini Nainital, aliiuza alipokuwa akiondoka mwaka 1947, na familia iliyonunua imeendelea kuikalia na kutunza vitu vyake vilivyobaki humo. Ya tatu ni Paxtu. Mtu mmoja, nyumba tatu, na walinzi wa namna tatu: serikali, familia na biashara. Zote zimesimama. Katika nyumba mbili kati ya hizo tatu, anayeamka usiku kusikiliza kama paa linavuja ni mwenye mali binafsi.

Biashara nayo ina udhaifu wake, na hapa Nyeri hauhitaji kutafutwa mbali. Treetops ilianza mwaka 1932 kama kijumba juu ya mti. Elizabeth alilala huko Februari 1952 akiwa binti mfalme, na usiku huo huo baba yake akafariki. Jengo hilo lilichomwa mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, likajengwa upya mwaka 1957, na likafunga milango mwaka 2021 baada ya Korona kuwaondoa watalii. Sifa zote hizo hazikulipa bili za umeme. Huko Nanyuki, Mount Kenya Safari Club ilianza kama makazi ya watu binafsi miaka ya 1930 ikawa hoteli, na mwaka 1959 ikaingia mikononi mwa mwigizaji William Holden na wenzake. Nayo imeishi kwa mgeni anayelipa. Nyumba inayotegemea mgeni hulala njaa mgeni asipokuja.

Basi, nyumba ya mzee wa Tetu au Mukurwe-ini, ambayo haijawahi kulaza mwana wa mfalme, itatunzwa na nini?

Kwanza ni haki kueleza kwa nini nyumba hizo ni chache. Katika desturi ya Agikuyu, nyumba haikujengwa ili idumu karne. Ilikuwa ya miti, udongo na nyasi, na moshi wa mafigani ndio uliozuia wadudu kutafuna paa. Mtu akifia ndani, nyumba hiyo iliachwa au kuharibiwa. Kilichorithiwa ni ardhi na jina la mbari. Mwenye kusema kwamba wazee hawakujali historia kwa sababu hawakuacha majumba anapima kwa kipimo kisicho chao. Waliitunza katika majina: mjukuu wa kiume wa kwanza huitwa jina la babu yake, na hadi leo jina hilo halijaoza.

Kisha ukaja mwaka 1954. Wakati wa hali ya hatari serikali ya kikoloni iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ulinzi. Nyumba zao za awali zilibomolewa au kuchomwa, mara nyingine siku ile ile waliyoambiwa wahame. Ndiyo sababu nyumba ya mwenyeji iliyojengwa kabla ya mwaka huo ni nadra sana katika kaunti hii. Nyingi zilizopona ni za machifu, walimu na watu wa misheni, au zimo ndani ya misheni zenyewe. Tumutumu na Mathari ni miongoni mwa mahali ambapo vijana walifundishwa useremala na uashi, na mikono hiyo ndiyo iliyojenga.

Wakati huo huo mashamba yalikuwa yakiunganishwa na kupimwa, wakulima wakiruhusiwa kupanda kahawa kwa wingi, na hatimiliki za kwanza zikianza kutolewa. Familia zilipotoka vijijini kuelekea katika vipande vyao vipya, zilijenga. Chukua boma lolote la Othaya au Mathira lenye umri huo, utakuta nyumba ya vyumba vitatu au vinne, mbao zilizosimamishwa wima, sakafu ya udongo iliyokuja kuwekwa saruji baadaye, na mabati yaliyolipwa na kahawa. Dirisha ni dogo. Mlango umechongwa na seremala ambaye jina lake bado linajulikana kijijini.

Nyumba hiyo ni ya miaka ya 1950 au 1960. Kwa mtu wa Lamu huo si umri. Lakini ndiyo nyumba ya kwanza juu ya hatimiliki ya kwanza, iliyojengwa na watu waliotoka nyuma ya mtaro. Ikibomolewa, hakuna nyingine ya zamani kuliko hiyo nyuma yake. Hapo ndipo thamani yake ilipo, na hakuna haja ya kuilinganisha na majumba ya wazungu ya Mweiga au Naro Moru ili ionekane kuwa kitu.

Sheria inakubali hivyo. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inasema mnara wa kumbukumbu unaweza kuwa mahali au jengo la umri wowote, mradi liwe na maana ya kihistoria, ya kitamaduni, ya ujenzi na kadhalika, na Waziri awe amelitangaza katika Gazeti rasmi la serikali. Likitangazwa, mwenye pingamizi ana miezi miwili ya kulipeleka kwa Waziri. Kutangazwa hakumnyang'anyi mtu hatimiliki yake. Hofu hiyo imeenea sana, na imewafanya wazee wengi kunyamaza kuhusu nyumba zao kwa kuogopa kwamba serikali itakuja na kufuli.

Sheria hiyo pia inaruhusu mapatano ya maandishi kati ya mwenye jengo la namna hiyo na Makavazi ya Kitaifa. Humo huweza kuandikwa nani atafanya ukarabati, mwenyewe atalitumiaje, nini hakitajengwa au kuvunjwa, watu wataruhusiwa kuingia lini, na gharama zitagawanywaje. Kuna hata nafasi ya kukubaliana kwamba mwenyewe akitaka kuuza atoe taarifa kwanza. Wanaoijua njia hii ni wachache, na inafaa ijulikane.

Ni kweli pia kwamba mwenye nyumba ya zamani hupewa pongezi nyingi kuliko misumari. Tangazo la Gazeti linaweza kusimamisha tingatinga, haliwezi kuziba tundu la paa. Hata jengo kuwa mali ya umma si dawa. Beit el Ajaib ya Zanzibar, iliyo ndani ya Mji Mkongwe uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000, ilikuwa mikononi mwa serikali, na sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikaua watu. Kila mtu alijua thamani yake. Maji ya mvua hayakujua.

Kwa hiyo kazi inarudi kwa mwenye nyumba, na huko adui mkubwa si mchwa wala mvua. Ni siku ya kugawa shamba.

Fikiria boma la ekari nne na watoto sita. Mzee amezikwa, mama alimtangulia. Mpima ardhi amekuja na vifaa vyake, na mstari wa mpaka kati ya kaka wa tatu na dada wa nne unapita sebuleni. Hakuna anayeichukia nyumba. Kila mmoja ana kumbukumbu yake humo: aliyezaliwa katika chumba cha nyuma, aliyesomea mtihani kwa koroboi pale mezani. Lakini kila mmoja anataka njia ya gari, na kipande chenye nyumba kuukuu kinaonekana kama mzigo. Mmoja anasema mbao zinaweza kujengea zizi. Wengine wananyamaza, na kunyamaza kunachukuliwa kuwa ni kukubali. Wiki hiyo hiyo mabati yanashuka.

Hapo hakuna mwovu. Kuna swali ambalo halikuulizwa wakati mwenye jibu alipokuwa hai.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inampa mtu uhuru wa kuandika wosia na kusema nyumba iende kwa nani na kwa masharti gani, mradi asiwaache wanaomtegemea mikono mitupu. Wosia wa maandishi hushuhudiwa na watu wawili au zaidi. Wosia wa mdomo nao unakubaliwa mbele ya mashahidi wawili, ila una nguvu tu ikiwa aliyeusema atafariki ndani ya miezi mitatu. Mzee aliyesema kwenye harusi ya mjukuu miaka kumi iliyopita kwamba "nyumba hii isiguswe" ametoa neno zuri ambalo mahakama haitalitumia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili walisema kama mawakili.

Nini kiandikwe? Zipo familia ambazo zitapendelea nyumba na kiwanja kidogo kinachoizunguka kibaki kipande chake peke yake, kwa majina ya ndugu wote, kila mmoja na fungu lake linalojulikana. Nyingine zitaunda kampuni ya familia au amana, ili nyumba isiwe ya mtu yeyote anayeweza kuhitaji karo haraka. Nyingine zitampa mmoja. Njia hii ya mwisho ndiyo rahisi na ndiyo inayozua maneno, kwa sababu ndugu huona amependelewa. Inafaa hesabu ifanywe hadharani. Anayepewa nyumba kuukuu amepewa pia paa la kubadilisha, wageni wa kukaribisha kila Desemba na kaburi la kufyekea nyasi. Baadhi ya familia zikifanya hesabu hiyo kwa uaminifu zitaona kwamba aliyepewa nyumba anastahili kuongezewa shamba, si kupunguziwa.

Na asiwe lazima mtoto wa kiume. Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Urithi hazimbagui binti, na katika maboma mengi binti ndiye anayejua picha ya ukutani ni ya nani. Pwani walilitambua hilo kitambo. Katika nyumba za mawe za Lamu, desturi ya familia nyingi ilikuwa binti anapoolewa apate nyumba, au ghorofa iliyoongezwa juu ya nyumba ya wazazi, na mume ndiye aliyehamia. Nyumba ikashikwa na mstari wa akina mama, na ndani yake vyombo, viti na hadithi. Lamu imo katika orodha ya turathi za dunia tangu mwaka 2001, lakini muda mrefu kabla ya orodha hiyo kulikuwa na mama fulani ndani ya kila nyumba aliyekataa iuzwe. Lamu ina tatizo lake pia. Warithi wanapozidi na kutawanyika, hakuna wa kutoa pesa za chokaa, na hatimaye mnunuzi kutoka mbali hubisha hodi. Nyeri inaelekea huko huko kwa njia ya ploti.

Nyumba ikishapata mwenyewe, ipatiwe kazi. Si lazima iwe hoteli. Inaweza kuwa jiko la sherehe za familia, chumba cha kijana anayeanza maisha, ofisi ya chama cha akina mama, au chumba cha mgeni anayepanda Mlima Kenya kupitia Naro Moru. Anayetaka kugeuza makazi kuwa nyumba ya wageni aombe kwanza kibali cha serikali ya kaunti cha kubadilisha matumizi, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Nyumba inayofunguliwa madirisha kila asubuhi hukauka. Ile iliyofungwa na kujazwa nyasi za ng'ombe huoza kutoka ndani, na mchwa hupata miaka ya kula bila kusumbuliwa.

Sasa neno kwa mafundi, maana nyumba nyingi huuawa na ukarabati.

Mbao za mtarakwa hazipendwi na mchwa, na ndiyo maana nguzo zake za miaka sitini bado zinagonga kama chuma. Fundi asizing'oe ili aweke mbao changa kwa sababu tu hizo mpya zimenyooka. Akate palipooza, aunge hapo. Mbao zisipigwe plasta ya saruji juu yake. Unyevu ukiingia nyuma ya plasta hautoki, na mwenye nyumba hataona kitu hadi ukuta utakapolegea. Udongo uliorundikana dhidi ya ukuta kwa miaka mingi uchimbwe na kuondolewa, ili mbao ya chini ipumue. Kwa nyumba za mawe laini, viungo visizibwe kwa saruji kali. Saruji ikiwa ngumu kuliko jiwe, jiwe ndilo linalomeguka. Mchanganyiko wenye chokaa unatosha. Bati likibadilishwa, libadilishwe kwa la mkunjo ule ule wa mawimbi, na yale ya zamani yaliyo mazima yabakizwe upande unaoonekana kutoka barabarani. Hilo la mwisho ni la macho tu, lakini macho nayo yana haki yake.

Kabla ya msumari wa kwanza, picha zipigwe. Kila chumba, kila ukuta, na nyuma ya kila picha ya zamani yaandikwe majina. Mzee au mama aliyebaki aketishwe kwenye kiti ndani ya nyumba hiyo hiyo, si kwenye nyumba mpya, na aulizwe nani alilala wapi, mbao zilitoka msitu gani, fundi alilipwa nini, mlango ulikuja kwa punda au kwa lori. Simu yoyote ya siku hizi inaweza kurekodi hayo. Nakala moja ibaki nyumbani, na familia ikikubali, Makavazi ya Nyeri pale Ruring'u ni mahali pa kuuliza kuhusu kuhifadhi nyingine.

Mkutano wa familia kuhusu nyumba ufanywe wakati mwenyewe yuko hai na anaweza kukasirika. Hasira yake ni habari: inaonyesha ni ukuta gani anaujali. Baada ya mazishi watu huwa na haraka ya matatu, na mpima ardhi hulipwa kwa siku.

Kwa wale wasioweza kufanya lolote kubwa mwaka huu, kuna kazi moja ya bei ndogo. Mvua ndefu huanza Machi. Gata zisafishwe Februari, na bati lililoinuka kwenye kona ya paa lipigwe msumari kabla upepo haujalikuta.